Elimu kwa Umma: René Préval, mihula yake miwili na kura tupu za 2006

Tangu polisi wa Kenya watue Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024, dawati letu la elimu ya uraia limepokea maswali mengi kuhusu marais wa Haiti. Linalojirudia zaidi ni hili: René Préval, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, alirudije Ikulu mara ya pili? Wengi wanaouliza wameshaamua kwamba alichezea Katiba. Hakuichezea.

Ibara ya 134 ya Katiba ya Haiti ya 1987 inampa rais miaka 5, inamkataza kuunganisha mihula, inamruhusu kurudi akishakaa nje miaka 5, na muhula wa tatu hakuna kabisa. Préval, bwana kilimo aliyesomea Ubelgiji na kuwa waziri mkuu wa Rais Jean-Bertrand Aristide mwaka 1991, aliapishwa 7 Februari 1996, akaondoka 7 Februari 2001, akaapishwa tena 14 Mei 2006. Tunaomba wananchi wapige hesabu hiyo kabla ya kusambaza tuhuma.

Kura tupu ndizo zinazohitaji maelezo. Uchaguzi wa Februari 2006 ulikuwa na karatasi takriban 85,000 zilizotumbukizwa bila alama yoyote. Zilijumlishwa kwenye kura zote, hivyo Préval akabaki na asilimia 48.76, chini ya nusu iliyotakiwa ili ashinde bila duru ya pili, ilhali aliyemfuata, Leslie Manigat, alikuwa na kama 12. Karatasi za kura zilizoungua zikaonekana jalalani. Wafuasi wa Préval wakavamia Hotel Montana, hoteli ya Port-au-Prince, wengine wakajitosa kwenye bwawa la kuogelea. Ndipo Baraza la Uchaguzi likazigawa kura tupu kwa wagombea wote kwa uwiano wa kura walizopata, naye Préval akafika asilimia 51.15 na kushinda. Hakupewa zote, kama tunavyoandikiwa kila mara. Kila mgombea alipata fungu lake. Wanasheria wana haki ya kuubishia mgao huo, lakini waubishie ulivyokuwa.

Kuhusu adhabu ya rais anayevunja Katiba: Baraza la Wawakilishi humshtaki rais kwa theluthi mbili ya wajumbe wake, kisha Seneti hukaa kama mahakama maalumu. Mahakama hiyo humvua madaraka na kumzuia kushika wadhifa wa umma kwa muda usiopungua miaka 5 wala kuzidi 15. Kifungo hakimo, hicho ni cha mahakama za kawaida. Préval hakuwahi kufikishwa mbele ya mahakama hiyo maalumu.

Hatusemi alikuwa msafi wa kila kitu. Januari 1999 alitangaza kwamba muda wa wabunge umekwisha, akatawala kwa amri, na uchaguzi wa wabunge ukafanyika 2000. Hilo ni doa, na tunashangaa kwamba ni wachache mno wanaotuuliza habari zake.

Wanaodai aling'ang'ania kiti waangalie 2011. Mgombea wa kambi yake, Jude Célestin, aliondolewa kwenye duru ya pili. Préval hata hivyo alikabidhi madaraka 14 Mei kwa Michel Martelly, aliyekuwa mpinzani wake.