Kichocho cha tumbo: "Ukoo wetu umezoea maji ya ziwa"

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wavuvi na wachuuzi wa dagaa wa mialo ya Mwanza.

Kichocho cha tumbo ni nini?
Ni minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa ziwani na hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache ukiwa majini unavuta nyavu au unafua.

Kinaharibu nini?
Ini. Mayai husukumwa na damu hadi humo, mwili unayazungushia makovu, na makovu yanabana mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Damu ikikosa njia, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula hututumka hadi ipasuke.

Na moyo?
Njia ya ini ikibanwa, mayai mengine huchepuka hadi mapafuni na kuziba mishipa midogo ya huko. Upande wa kulia wa moyo husukuma kwa shida hadi unachoka. Mgonjwa anahema akipanda kilima kifupi, miguu inavimba.

Mimi na kaka yangu tumevua pamoja tangu utotoni. Mbona tumbo limemjaa yeye tu?
Hajarogwa. Sehemu ya jibu iko kwenye jeni, yaani chembe za urithi tunazopewa na wazazi. Mwaka 1996 watafiti waliochunguza familia nchini Brazili walionyesha kuwa eneo fulani la kromosomu ya 5 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) huchangia mtu kubeba minyoo mingi au michache. Mwaka 1999, utafiti wa familia nchini Sudan ulihusisha makovu makali ya ini na eneo la kromosomu ya 6, jirani na jeni ya kipokezi cha interferoni-gama, kemikali ya kinga ya mwili ambayo husaidia kuzuia makovu. Kumbe idadi ya minyoo ni jambo moja, na mwili unavyoyapokea mayai ni jambo jingine.

Basi sisi ambao hatujaumwa, damu yetu imezoea?
Hapana. Ndugu wa tumbo moja hawarithi jeni zilezile zote.

Lakini babu alivua hadi uzee bila kuumwa.
Hapana, nasema tena. Wewe si babu. Umerithi na kwa wengine pia. Makovu hukua miaka mingi bila maumivu. Neno "tumezoea" nalisikia kwa watu ambao bandama zao nazigusa karibu na kitovu!

Nimetapika damu kidogo, ikakoma. Nisubiri?
Usisubiri. Hospitali sasa hivi, hata usiku, hata kwa boti ya kukodi. Choo cheusi kama lami ni damu vilevile. Usianzie kwa mganga, wala usinunue dawa za vidonda vya tumbo dukani. Diklofenaki na aspirini huzidisha kuvuja. Damu ikikoma, mshipa haujapona. Unaweza kupasuka tena usiku huohuo. Usisubiri.

Dawa ipo?
Ipo, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito na humezwa baada ya kula. Haiui minyoo michanga wala haizuii maambukizi mapya, kwa hiyo rudi unapoambiwa urudi. Ikianza mapema, makovu yanaweza kupungua. Ile wanayomeza watoto shuleni inawatibu wao, si wewe mvuvi wa miaka 35 usiyeimeza. Ukimleta kaka yako mwenye tumbo la maji, usikae benchi la nje kumsubiri. Ingia nawe upimwe choo.