Koili ya vepu: anza na betri, ndipo uchague omu

Anayejifungia mwenyewe koili ya vepu (sigara ya umeme), yaani ule waya unaochemsha kimiminika chake, kwa kawaida huuliza kwanza ni ipi itoayo moshi mzito. Swali hilo lina mahali pake, ila lisiwe la kwanza. Kabla ya kukata waya lazima ujue betri uliyo nayo inaweza kutoa ampea ngapi bila kupata moto, kwa sababu ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu, ndio unaoiamuru betri itoe kiasi gani. Betri haina namna ya kukataa. Ikiamriwa kuliko uwezo wake inapata joto, na joto likivuka kiwango fulani inatoa gesi, inapasuka na kuwaka.

Maelezo haya ni ya mtu mzima anayetumia vepu tayari. Asiyetumia nikotini hana faida yoyote ya kuanza, na kwa watoto na wajawazito hakuna koili salama ya kuwashauri. Aliye Uganda akumbuke pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vifaa hivi.

Hesabu yenyewe ni ile ya sekondari, Sheria ya Ohm: gawanya volti kwa omu, upate ampea. Betri moja ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, na hesabu ya usalama hufanywa kwa betri iliyojaa, si kwa ile volti 3.7 iliyoandikwa ubavuni. Koili ya omu 1.0 itavuta ampea 4.2 na kutoa wati 17 na ushei. Ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4, wati 35. Ya 0.25 inavuta 16.8. Ya 0.2 inafika 21, wati 88. Ya 0.15 ni ampea 28, na ya 0.1 ni ampea 42, kiwango ambacho betri ya kawaida ya vepu haikiwezi.

Angalia namna hatari inavyopanda. Kutoka omu 0.5 kushuka hadi 0.45 unaongeza chini ya ampea moja. Kutoka 0.2 kushuka hadi 0.15, tofauti ileile ya 0.05, unaongeza ampea 7 nzima. Mita ya omu ya bei rahisi inaweza kukosea kwa kiasi hicho. Kwa hiyo anayefunga koili ndefu yenye omu nyingi ana nafasi ya kukosea na asidhurike, lakini anayecheza chini ya 0.2 hana nafasi hiyo.

Sasa betri. Ya kawaida kwenye vepu huitwa 18650, na hilo ni jina la umbo tu: upana milimita 18, urefu 65. Ndani ya umbo hilo kuna betri zenye uwezo tofauti kabisa. Samsung 25R ina mAh (kipimo cha chaji inayohifadhiwa) 2,500 na LG HG2 ina mAh 3,000, na zote mbili zimepimwa kutoa ampea 20 mfululizo. Neno "mfululizo" lina uzito. Wauzaji hupenda kuandika ampea ambazo betri inaweza kuzitoa kwa sekunde chache tu, 35 au 40, kwa sababu ni namba kubwa. Usizitumie kupigia hesabu. Kwa betri ya ampea 20, koili ya 0.2 imeshavuka mpaka, ya 0.3 inavuta 14 na kuacha akiba. Akiba hiyo ni muhimu kwa sababu betri iliyochajiwa mwaka mzima haina tena nguvu ya betri mpya.

Betri za 18650 zinazochomolewa kwenye laptop mbovu, ambazo mafundi wengi mitaani huzitumia tena kwenye tochi na pawabenki, zisiingie kwenye vepu. Zilitengenezwa kutoa mkondo mdogo kwa saa nyingi. Na ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, iache dukani. Betri halisi za umbo hilo nyingi ziko kati ya 2,000 na 3,600, na aliyedanganya kwenye namba moja atakuwa amedanganya kwenye ampea pia.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Vepu ziko za aina mbili, na hesabu zake hazifanani. Ya mekanika ni bomba la chuma lenye betri, swichi na koili, basi. Hakuna chipu ya kukata umeme ikitokea shoti, hakuna ya kuzima betri ikikaribia kuisha. Hesabu zote zilizo hapo juu zinaihusu hiyo moja kwa moja. Zikiwekwa betri mbili kwa mfuatano, volti zinakuwa 8.4, na koili ya 0.3 iliyokuwa salama kwa betri moja sasa inavuta ampea 28 kutoka kila betri. Ushauri wetu uko wazi: asiye na mita ya omu na asiyejua kuipiga hesabu hii bila kusaidiwa asinunue ya mekanika.

Vepu yenye chipu inabadilisha volti yenyewe, kwa hiyo mzigo wa betri hauletwi na omu za koili bali na wati ulizoweka. Gawanya wati kwa volti ya betri inayokaribia kuisha, tuseme 3.2, kisha gawanya kwa 0.9 kwa ajili ya umeme unaopotea ndani ya chipu. Wati 60 kwenye betri moja zinatoa karibu ampea 21. Mtu aliyefunga koili ya omu 0.8 akijiona salama, huku ameweka wati 60, ameshaivusha betri ya ampea 20 mpaka wake. Kwa betri moja ya aina hiyo, wati 40 ni kikomo cha busara, kwani zinavuta ampea 14 hivi. Anayetaka wati 80 achukue kifaa cha betri mbili, betri zilizonunuliwa siku moja, zinazotumika na kuchajiwa pamoja siku zote.

Ukishajua omu unazotaka, waya utakufikisha. Kwa anayeanza, waya wa aina ya Kanthal A1 wa geji 26 (geji ni namba ya unene wa waya) unafaa kuliko zote: haibadiliki ukinzani ikipata moto na inavumilia kuwashwa ikiwa kavu. Ina takriban omu 11.3 kwa kila mita. Ukiizungusha mara sita kwenye kijiti cha milimita 3 na kuacha miguu, yaani ncha za kufungia, ya milimita tano kila upande, unatumia waya wa sentimita 7.4, na mita ya omu itasoma karibu 0.83. Kwa geji 24, ambayo ni nene zaidi, mizunguko sita hiyohiyo inatoa 0.54. Nikromu 80, aina nyingine ya waya, ya geji 26 itakupa kama 0.63, na chuma kisichoshika kutu cha 316L takriban 0.43. Umbo ni lilelile ila omu zimepungua karibu nusu. Ndiyo maana kunakili idadi ya mizunguko ya mtu bila kujua waya wake ni hatari. Nikeli tupu na titani ni za vifaa vinavyodhibiti joto tu, na kamwe zisiwashwe kavu mpaka ziwe nyekundu.

Koili mbili kwenye sitaha moja (kitako cha ndani ya tangi ambapo koili hufungwa) hugawana umeme sambamba, na omu zinagawanyika kwa mbili. Mbili za 0.54 ni 0.27. Pima zikiwa zimeshafungwa zote.

Kufunga kwenyewe kunataka subira. Zungusha waya kwa mkazo sawa, ingiza miguu kwenye matundu ya nguzo, kaza skrubu mpaka mguu usitikisike, lakini si mpaka waya ukatike. Kata ncha zote zinazochomoza. Ncha ya nusu milimita inayogusa kifuniko cha tangi ni shoti tayari. Koili ikae katikati, isiguse sitaha wala ukuta. Pima omu. Tikisa miguu kidogo kwa bisibisi, pima tena. Namba ikirukaruka kwa zaidi ya 0.02, skrubu imelegea au mguu umepasuka, fungua urudie. Kwa Kanthal, nikromu au 316L, weka kwenye kifaa chenye chipu, wati 15 tu, bonyeza kwa sekunde moja moja. Wekundu uanzie katikati na kuenea nje sawasawa. Ukianzia pembeni au kung'aa mahali pamoja, zima, acha ipoe, ibane taratibu kwa kibanio cha kauri, ujaribu tena. Usiibane ikiwa na umeme kwa kibanio cha chuma.

Utambi wa pamba uvutike ndani ya koili kwa ukinzani mdogo bila kuisogeza. Ukijaa sana, kimiminika hakipiti, na pamba inaungua. Ukilegea, tangi linavuja. Lowesha utambi wote, subiri dakika tano hadi kumi, anza na wati za chini.

Ladha ya kuungua isipuuzwe. Inamaanisha koili imekauka na joto limepanda mpaka propileni glaikoli na gliserini zilizo kwenye kimiminika zinavunjika, zikitoa fomaldehaidi na akrolini, sumu zinazochoma njia ya hewa. Kuvuta tena ili "iende yenyewe" ni kuzivuta hizo. Badilisha pamba. Kwa wenye koili za dukani, wati zilizochapwa ubavuni, kama 12–16 au 40–60, ziheshimiwe, na muanze na ile namba ya chini.

Nikotini nayo inafuata koili. Kimiminika chenye chumvi za nikotini, miligramu 20 kwa mililita, ambazo ndizo kikomo cha Umoja wa Ulaya, ni cha koili za 0.8 hadi 1.2 kwa wati kumi na kitu. Kimiminika hichohicho kwenye koili ya 0.2 kinaingiza nikotini nyingi mno kwa pumzi moja: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, moyo kwenda mbio. Kwa koili za chini tumia miligramu 3.

Yote hayo hayatasaidia kama ngozi ya plastiki ya betri imechanika. Mwili wote wa chuma wa 18650 ni upande hasi, mpaka juu kabisa, milimita chache kutoka kwenye kichwa chanya. Kinachovitenga ni kipete chembamba cha kuhami na hiyo ngozi. Ikichubuka mahali hapo, badilisha ngozi kabla ya kuitumia tena. Na kwenye vepu za mekanika ambazo tangi linagusa betri moja kwa moja, pini ya katikati ya tangi lazima ichomoze wazi kupita nyuzi zake za kufungia. Isipochomoza, nyuzi hizo zitagusa kichwa chanya na betri itapigwa shoti papo hapo.

Idara ya Zimamoto ya Marekani ilikusanya matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka kati ya 2009 na 2016. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ikiwa mfukoni. Funguo na sarafu vinatosha kuunganisha chanya na hasi, kwa hiyo betri ya akiba ikae kwenye kikasha chake cha plastiki. Mengine 48 yalitokea wakati wa kuchaji. Usichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro.

Kifaa kikianza kuchoma mkononi au kutoa mlio wa kufuka, kitupe mbali juu ya saruji au mchanga, ondoka, usikichomoe betri. Aliyeungua avuliwe nguo zilizolowa kemikali, jeraha lipozwe kwa maji safi yanayotiririka, na apelekwe hospitali. Mwambieni tabibu tangu mwanzo kwamba ni betri ya lithiamu, kwa sababu jeraha hilo lina moto na kemikali kwa pamoja.