Bima ya amana: tuliyojifunza kwenye foleni ya Bronx, Desemba 1930

Tangu kampeni yetu ya kueleza bima ya amana, yaani kinga ya fedha ambazo wateja wameziweka benki, ianze hapa Kenya, swali moja limekuwa likirudi kila siku kwenye simu za dawati letu. Mama mmoja mwenye duka la nafaka aliniuliza hivi: "Mwanangu, nimeambiwa benki ikianguka serikali inalipa. Sasa mbona mnaweka kikomo cha malipo?" Wengine huuliza kwa hasira. Wengine hupiga simu wakiwa tayari wametoa akiba yote, kwa sababu ya ujumbe uliozungushwa usiku kwenye kikundi cha WhatsApp.

Malalamiko ya aina hii yameongezeka na majibu ya simu ya dakika tatu hayatoshi. Ndiyo maana nawarudisha Marekani, kwenye miaka ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, kwa kuwa kanuni nyingi ninazozisimamia kazini zilizaliwa na shida za watu wa kawaida wa wakati ule. Makala haya hayaizungumzii benki yoyote inayofanya kazi nchini, na naomba yasisomwe hivyo.

Nianze na dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba Wamarekani walifilisika kwenye soko la hisa. Ni kweli bei za hisa za New York ziliporomoka Oktoba 1929, na kufikia Julai 1932 kipimo cha bei za hisa kiitwacho Dow Jones kilikuwa kimepoteza karibu asilimia 89 ya thamani kiliyokuwa nayo kileleni. Lakini Wamarekani wengi hawakumiliki hisa hata moja. Fundi viatu, dobi, mkulima wa ngano wa Kansas, hawa mali yao ilikuwa kijitabu cha akiba. Umaskini uliwafikia kwa njia mbili, kazi na benki. Mwaka 1929 wasio na kazi walikuwa kama 3 katika kila wafanyakazi 100. Mwaka 1933 walikuwa karibu 25, yaani watu zaidi ya milioni 12. Na kati ya mwaka 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifunga milango. Mtu alifukuzwa kiwandani Jumatatu, akasema si neno, akiba ipo. Akifika benki anakuta karatasi imebandikwa mlangoni.

Tazameni jinsi mlango mmoja ulivyofungwa. Tarehe 10 Desemba 1930, mfanyabiashara mdogo aliingia tawi la Bronx, New York, la benki iliyoitwa Bank of United States, yaani Benki ya Marekani. Alikuwa na hisa za benki hiyo na alitaka imsaidie kuziuza. Maofisa wakamshauri azishikilie. Akatoka akieneza habari kwamba benki imekataa kumpa haki yake. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Kabla ya jioni watu walikuwa wamejaa barabarani, magazeti yakikadiria umati wa 20,000 na zaidi, na polisi wakaitwa. Mtu mmoja alisimama kwenye foleni muda wa saa mbili ili atoe dola 2, ambazo ndizo zote alizokuwa nazo humo. Hadi tawi linafungwa jioni, kama dola milioni 2 zilikuwa zimetoka. Kesho yake benki haikufunguliwa.

Wateja wake walikuwa zaidi ya 400,000, wengi wao wahamiaji Wayahudi waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Wengine waliiamini kwa ajili ya jina lake tu, wakidhani ni benki ya serikali. Haikuwa. Bado tunapokea wananchi wanaosema, "Lakini jina lake lina neno taifa." Jina la benki si dhamana. Tumelieleza hili miaka nenda miaka rudi.

Sisemi kwamba uvumi peke yake ndio ulioiua benki ile. Ilikuwa imekopesha vibaya kwenye majengo na kwa kampuni zake tanzu, na wakuu wake wawili, Bernard Marcus na Saul Singer, walihukumiwa kifungo mwaka 1931. Ninachosema ni kwamba foleni haiulizi. Benki yoyote, nzima au mbovu, imekopesha sehemu kubwa ya amana zake, kwa hiyo haiwezi kuwalipa wateja wote mchana mmoja.

Baada ya hapo ndipo utaratibu ulipoanza, na ndio sehemu ambayo wananchi hawaiulizii kamwe. Msimamizi wa benki wa jimbo alichukua funguo na vitabu. Kazi yake ilikuwa kukusanya mikopo, kuuza majengo, kuhakiki madai ya kila mteja, kisha kugawa kilichopatikana kwa awamu. Hatimaye wateja walipata zaidi ya asilimia 80 ya fedha zao. Inasikika vizuri, lakini awamu zile zilichukua miaka mingi, na mtoto anayetaka viatu mwezi wa kwanza hangoji awamu ya tano. Isitoshe, sheria ya wakati ule iliwadai wenye hisa wa benki iliyoanguka walipe kiasi kingine sawa na thamani ya hisa zao iliyoandikwa. Benki ile ilikuwa imewauzia wateja wake wenyewe hisa. Basi wenye hisa zaidi ya 20,000 walidaiwa dola 25 kwa kila hisa. Mshonaji aliyekuwa na akiba na hisa kumi alikuta akiba imezuiliwa, hisa zimekuwa karatasi, na juu yake anadaiwa dola 250.

Habari za milango kufungwa zilipoenea, watu walificha fedha. Walizitia kwenye makopo, chini ya magodoro, wakazifukia nyuma ya nyumba. Mmoja akificha amejilinda, lakini mamilioni wakificha fedha zinakauka sokoni. Benki ziliacha kukopesha, mwenye duka akashindwa kuagiza bidhaa, kiwanda kikapunguza watu, na bei za mazao zikaanguka. Ngano iliyouzwa kwa zaidi ya dola moja kwa busheli, kipimo cha nafaka cha Marekani, mwaka 1929 ilishuka chini ya senti 40 mwaka 1932. Katika majimbo ya kati wapo wakulima waliochoma mahindi kwenye jiko kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe. Wakati huohuo mjini watu walipanga foleni za supu.

Madeni ya rehani hayakushuka pamoja na bei. Mashamba yakapigwa mnada. Huko Iowa na Nebraska majirani walibuni njia yao: walijaa kwenye mnada, wakataja dau la senti chache kwa ng'ombe na plau, na mgeni aliyejaribu kupandisha bei alikodolewa macho na umati, mara nyingine kitanzi kikining'inia kwenye mlango wa zizi. Baada ya mnada walimrudishia mwenye shamba vyombo vyake. Kama mtu wa sheria siwezi kuushauri mwenendo huo, lakini nauelewa. Mijini waliofukuzwa kwenye nyumba walijenga vibanda vya mbao na mabati, na mitaa hiyo ikapewa jina la Rais Herbert Hoover; gazeti la kujifunikia usiku likaitwa blanketi la Hoover. Akina mama walishona nguo za watoto kwa mifuko ya unga. Chicago ilikaa miezi bila kuwalipa walimu mishahara kwa fedha taslimu, na Aprili 1933 walimu hao waliandamana hadi kwenye benki za mji.

Kuna mji mdogo, Tenino, katika jimbo la Washington, ambao huwa nautaja kwenye kila semina. Benki yake ilifungwa Desemba 1931 na mji mzima ukabaki bila chenji. Chama cha wafanyabiashara kikaamua kwamba mwenye amana iliyokwama anaweza kukihamishia kwa maandishi hadi robo ya amana hiyo, naye apewe hati za thamani hiyo za kununulia dukani. Baadaye kidogo hati zile zilichapishwa kwenye vipande vyembamba vya mbao. Mtu alikwenda kununua unga akiwa na senti 25 ya ubao mfukoni, na muuzaji aliipokea kwa kuwa alimjua aliyempa. Wakusanyaji wa kumbukumbu wa nchi nzima wakaanza kuzinunua. Lakini aliyeishi kwa mbao zile alikuwa akila robo ya akiba yake mwenyewe, na robo tatu zilizobaki alizingoja kwa mfilisi, yaani anayekusanya na kugawa mali ya benki iliyoanguka.

Februari 1933 gavana wa Michigan alizifunga benki zote za jimbo lake, na majimbo mengine yakafuata. Franklin Roosevelt aliapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi, na siku mbili baadaye benki za nchi nzima zilikuwa zimefungwa kwa amri yake. Watu walilipana kwa hati za ahadi, stempu na deni la dukani. Jumapili usiku, tarehe 12, Roosevelt aliwaeleza wananchi redioni, kwa maneno ya nyumbani, benki hufanya nini na fedha zao. Utaratibu wa kufungua ulipangwa hivi: tarehe 13 zifunguliwe zilizokaguliwa katika miji 12 yenye matawi makuu ya benki kuu, tarehe 14 zile za miji yenye ofisi za kubadilishana hundi, na tarehe 15 za kwingineko. Isiyo na kibali haikufunguliwa. Asubuhi ya kufungua foleni zilirudi, lakini safari hii watu walikuwa wakirudisha fedha.

Ilikuwepo pia adhabu kwa walioficha dhahabu, na hapa nataka tuwe makini. Amri ya tarehe 5 Aprili 1933 ilimtaka kila mtu asalimishe sarafu na vipande vya dhahabu kabla ya tarehe 1 Mei kumalizika. Aliruhusiwa kubaki na sarafu za dhahabu zisizozidi dola 100. Sarafu adimu za wakusanyaji na dhahabu ya kazi za ufundi ziliachwa nje. Alilipwa dola 20.67 kwa wakia, kipimo cha uzito wa dhahabu. Aliyekaidi kwa makusudi alikabiliwa na faini ya hadi dola 10,000, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Januari 1934 serikali ikapandisha bei ya wakia hadi dola 35, baada ya wananchi kuwa wamesalimisha. Wapo waliolalamika kwamba wameonewa, na sitawakatalia.

Sheria ya bima yenyewe ilitiwa saini tarehe 16 Juni 1933. Roosevelt hakuitaka mwanzoni, na chama cha mabenki kiliipinga kwa nguvu. Waliosukuma ni wananchi walioandikia wawakilishi wao. Kikomo kilikuwa dola 2,500 kuanzia Januari 1934, kikapanda hadi dola 5,000 mwezi Julai. Mtaji wa kuanzia ulitoka Hazina na benki kuu, kisha michango ikaendelea kutozwa benki. Benki ya kwanza yenye bima kuanguka ilikuwa ya mji wa East Peoria, Illinois, mwishoni mwa Mei 1934. Mwanzoni mwa Julai mama mjane alikuwa wa kwanza kulipwa, dola 1,250, wiki chache tu baada ya mlango kufungwa. Mwaka mzima wa 1934 zilianguka benki 9 tu zenye bima. Aliyejua kwamba akiba yake ndogo imelindwa hakuwa na sababu ya kukimbilia foleni, na pasipokuwa na foleni benki isiyo mbovu haiuawi na uvumi. Bima haikuwekwa ili kila tajiri arudishiwe kila senti, na ndiyo maana ina kikomo.

Kwa hiyo nilimjibu mama wa nafaka kwa hesabu yake mwenyewe. Hapa Kenya kikomo ni shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Alikuwa na akaunti mbili kwenye benki moja, jumla shilingi 620,000, na mkopo wa shilingi 90,000 palepale. Akaunti zinajumlishwa, si kila moja na kikomo chake. Deni linatolewa kwanza, zinabaki 530,000. Benki ikifungwa, 500,000 zinalipwa na bima, na 30,000 zinaingia kwenye madai kwa mfilisi. Fedha hizo za bima zinatokana na michango ya benki, si kodi yake.

"Na zile za sacco, mwanangu?"

Za sacco hazimo kwenye bima hii, mama. Alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie pole pole, maana alikuwa akiandika.