Kabla ya Kuchagua Lugha ya Programu, Tazama Maabara ya Shule

Mzazi wa Malindi anayetaka kujua mtoto wake asome lugha gani ya programu, mara nyingi tayari ameshauriwa na mtu: soma Java, ndiyo yenye pesa. Sisi tunashauri muanzie kwingine. Ingieni maabara ya shule, muwashe kompyuta, mtazame ina Windows gani, ni ya biti 32 au 64, na kama kazi inaendelea intaneti ikikatika. Lugha inayomfaa mwanafunzi ni ile atakayoweza kuiendesha mwenyewe kila siku ya kipindi, hata bando likiisha.

Kwa wanafunzi wa shule ya upili, na hata wa Gredi ya 7 hadi 9, tunapendekeza Python. Ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni bure, na programu ya kwanza ni mstari mmoja tu. Java kwa kawaida humtaka anayeanza aandike mistari kadhaa asiyoielewa bado kabla ya kuona neno moja kwenye skrini, na wengi hukata tamaa hapo. Wapo pia wanaokitazama kituo cha anga za juu cha Luigi Broglio kule Ngomeni na kutamani kazi za data za setilaiti. Python itawafaa huko pia, kwa kuwa inatumika sana kuchambua data hizo.

Pakueni Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea Python, mara moja mahali penye intaneti, muibebe kwa flashi, muisakinishe kwenye kila mashine. Inakuja na Python ndani yake. Kinachokwamisha ni kompyuta za zamani: toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8, na kuanzia 3.9 usakinishaji hukataa. Kwa mashine hizo chukueni 3.8 na mtumie IDLE, kihariri kinachokuja nayo. Windows ikiwa ya biti 32, kisakinishi cha biti 64 hakitafanya kazi.

Jambo la pili la kuangalia ni mwalimu, na hili hupuuzwa sana. Tuseme mwanafunzi anamtengenezea mchuuzi wa samaki programu ya kupiga hesabu ya kilo tatu za changu:

bei = input("Bei ya kilo: ")
jumla = bei * 3
print(jumla)

Akichapa 450, anapata 450450450 badala ya 1350. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Sababu ni kwamba input hupokea kila kitu kama maandishi, hata tarakimu, na Python ikiambiwa izidishe maandishi kwa 3 huyarudia mara tatu. Dawa ni kuandika bei = float(input("Bei ya kilo: ")), maana float hugeuza maandishi kuwa namba, hata yenye desimali. Wengi hutumia int, ya namba nzima tu, nayo hukubali hadi mtu aingize namba yenye desimali, kama 2.5. Hapo programu husimama na kutoa ujumbe wa kosa, ValueError. Kosa jingine linalosumbua ni nafasi za mwanzo wa mstari: Python hujua mistari iliyo chini ya if au for kwa nafasi hizo, kwa kawaida nne. Ukichanganya kitufe cha Tab na nafasi za kawaida, mistari huonekana imelingana lakini programu hugoma.

Mwalimu anayeweza kusoma makosa haya na kuyaeleza ana thamani kuliko jina la lugha. Kama shuleni kwenu mwalimu anaijua vizuri JavaScript na hajui Python, anzeni na JavaScript. Inaendeshwa na kivinjari chochote bila kusakinisha kitu, na humfaa anayetaka kutengeneza tovuti za hoteli za hapa na Watamu. Ila HTML na CSS pekee si lugha za programu. Hupanga muundo na sura ya ukurasa tu.

Watoto wa miaka 8 na kuendelea waanze na Scratch, lugha ya kupanga vipande vya amri kwa kuviburuta, iliyotoka chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ina toleo lisilohitaji intaneti.

Kuhusu mtihani, somo la kompyuta la KCSE, nambari 451, lina karatasi ya nadharia, ya vitendo na mradi. Nadharia hutaka mwanafunzi achore chati mtiririko na kupanga hatua za programu, ujuzi unaopatikana kwa lugha yoyote. Shule nyingi zimezoea Visual Basic kwa mradi. Aliyekwisha kuanza nayo amalize, lakini anayeanza leo asiichague: mwaka 2020 Microsoft ilitangaza kwamba haina mpango wa kuikuza zaidi lugha hiyo.

Asiye na kompyuta nyumbani anaweza kutumia Pydroid 3, programu ya kuandikia Python, kwenye simu ya Android. Kuchapa kwa kidole kunachosha, hivyo kama simu inakubali waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu, mnunulieni na kibodi ya USB.

Lugha ya pili isubiri. Mpeni mwanafunzi faili lenye majina ya samaki, bei na kilo za wiki nzima, aandike mwenyewe, bila kunakili, programu ya kulisoma na kutoa jumla ya kila siku. Akiweza, na programu isikwame kwenye mstari mtupu ndani ya faili, basi aongeze nyingine.