Je, wajua kwa nini fundi wa milango hukohoa usiku, si mchana?

Mafundi nakshi wa Lamu wanaijua hali hii. Mchana kazi imekwenda vizuri, kifua hakina neno. Ikifika saa tatu usiku kikohozi kinaanza, kifua kinabana na pumzi inatoa mluzi. Lawama hupewa upepo wa kusi, na mara nyingi kusi husingiziwa tu.

Chanzo mara nyingi ni vumbi la mbao. Chukua mbao ya mvule. Ndani yake mna kemikali ambazo kinga ya mwili ya baadhi ya watu haipatani nazo. Fundi anaweza kuupiga msasa miaka na miaka, kisha kinga ikageuka na kuuona mvule kuwa adui. Tangu hapo vumbi kidogo tu latosha. Mirija ya pumzi huvimba pole pole, na uvimbe hufikia kilele baada ya muda wa saa 4 hadi 8. Aliyepiga msasa alasiri atakohoa kitandani. Hiyo ni pumu ya kazini, na alama yake kubwa ni kwamba mtu akipumzika siku kadhaa hupata nafuu, akirudi karakana inamrudia. Mwambie daktari jambo hilo, maana bila kulijua atatibu kikohozi na kuiacha mbao.

Patasi haina makosa makubwa: vibanzi vyake ni vizito, huanguka miguuni. Shida ni msasa, na zaidi grenda ya umeme. Chembe zinazozidi mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hunaswa puani na kooni; zilizo chini ya mikroni 5 hufika ndani kabisa ya mapafu, na jicho halizioni. Zile za puani nazo si salama: tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliorodhesha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani, hasa ya pua.

Leso iliyofungwa usoni huzuia vumbi kubwa tu. Barakoa ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, mradi ishike ngozi pande zote. Kwenye ndevu haishiki, hewa hupenya kando. Mwenye ndevu basi apunguze vumbi lenyewe: akwangue mbao kwa kipande cha bati la chuma kilichonolewa ukingo, kinachotoa maranda membamba badala ya unga, na msasa abakize wa kumalizia. Apige msasa nje, upepo ukimpiga ubavuni. Ukimpiga mgongoni, hewa huzunguka mbele ya kifua na kulirudisha vumbi usoni.

Jioni, usifagie pakavu wala kupuliza kwa kompresa. Vumbi laini likishatimuliwa huelea kwa saa kadhaa, na kesho yake utalikuta limetanda juu ya mbao na vifaa. Nyunyiza maji kwanza, kisha ndipo ufagie.