Je, wajua? Kwa nini kila dawa ya mgongo hufanya kazi, kisha maumivu yanarudi

Pale Goma, muulize mama anayepandisha bidoni ya maji ya lita 20 kutoka Kituku, kando ya ziwa, au kijana anayesukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) iliyojaa viazi, ametibiwa mgongo na nani. Atakutajia msururu: sindano ya diklofenaki, mchuaji wa Birere, mkanda wa kiuno, mizizi ya kuchemsha, maombi. Cha ajabu katika msururu huo ni kwamba hakuna aliyeshindwa. Kila mmoja alileta nafuu, iwe ya wiki moja au tatu, na mgongo bado unauma.

Mitaani kuna maelezo mawili. La kwanza: mwili umeizoea dawa. La pili: ugonjwa wenyewe bado haujapatikana, na hapo ndipo figo husingiziwa. Figo zinaonewa. Ugonjwa sugu wa figo kwa kawaida hauumizi mgongo kabisa, na mawe au maambukizi ya figo aghalabu huja na dalili nyingine, kama homa, kutapika au damu kwenye mkojo.

Hilo la kuzoea dawa ndilo limeenea zaidi, basi tulikague. Diklofenaki huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na kuzifanya neva ziwe wepesi wa kuhisi maumivu. Lakini nusu ya diklofenaki iliyomo kwenye damu huondoka ndani ya saa mbili hivi, na nusu ya iliyobaki huondoka katika saa mbili nyingine. Mtu akichomwa sindano moja Jumatatu, kufikia Jumatano hakuna cha maana kilichobaki. Akikaa wiki tatu bila maumivu, karibu siku zote hizo dawa haikuwemo mwilini. Mwili utazoeaje kitu kilichokwisha kuondoka?

Kuna wanaosema kwamba sindano "ilikata mzunguko" wa uvimbe, na mwili ukamalizia kazi. Huenda hutokea kwa baadhi ya watu. Ila maelezo hayo hayamsaidii mchuaji, wala mizizi, wala mkanda, navyo vilileta wiki zilezile tatu.

Kinachowaunganisha wote ni siku mgonjwa alipowaendea. Maumivu ya mgongo yaliyopita miezi mitatu, ambayo ndiyo madaktari huyaita sugu, mara nyingi hayatulii kwenye kiwango kimoja. Yanapanda, yanashuka, yanapanda tena. Na hakuna anayetoa faranga zake kwa ajili ya sindano siku ambayo mgongo umetulia. Anazitoa siku ameshindwa kuinama afunge kiatu, yaani siku maumivu yamefika kileleni. Ukiwa kileleni, kinachofuata mara nyingi ni kushuka, na chochote utakachomeza siku hiyo kitapewa sifa.

Tazama makala, yaani mkaa wa kupikia. Barabara ya Sake ikifungwa, gunia linapanda bei. Mama mwenye mgahawa anakasirika, anamwacha muuzaji wake na kuhamia kwa mwingine. Baada ya wiki mbili malori yanapita, bei imeshuka soko zima, naye anawasimulia majirani kwamba huyu mpya ana roho nzuri. Barabara ikifungwa tena, yule mpya naye "ameharibika", anatafutwa wa tatu. Wote watatu waliuza kwa bei ya soko. Lakini kwa kuwa mama huyu hubadilisha muuzaji siku ya bei kali tu, kila muuzaji mpya atamshushia bei, na kila wa zamani atakuwa amemkosea. Ukimbishia atakuapia kwamba ameona kwa macho yake, na ni kweli ameona.

Wanatakwimu wanaijua tabia hii tangu 1886, Mwingereza Francis Galton alipoonyesha kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Kipimo kilichokwenda mbali, mara ya pili huelekea kurudi katikati. Mgongo haujaachwa nyuma.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa 2009. Watafiti wa Marekani na wa Australia, kila kundi kivyake, walijaribu tiba ya kudunga saruji maalumu kwenye pingili za mgongo zilizovunjika kwa udhaifu wa mifupa. Nusu ya wagonjwa walidungwa kweli. Nusu nyingine waliigiziwa tu: wakalazwa, wakachomwa ganzi, na chupa ya saruji ikafunguliwa ili harufu ijae chumbani. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Sehemu ya nafuu hiyo huenda ni imani ya mgonjwa, sehemu ni maumivu kushuka yenyewe; jaribio lile halikuundwa kuzitenganisha.

Si kwamba vidonge havina nguvu. Katika majaribio ya maumivu sugu ya mgongo, dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zilizishinda dawa bandia (vidonge visivyo na dawa ndani) kwa takriban alama 7 kwenye kipimo cha maumivu cha alama 100. Zipo, ni chache, na tumbo na figo hulipa gharama zikimezwa kila siku. Mkanda wa kiuno je? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, linashauri usitumike kama tiba ya maumivu sugu ya kawaida ya mgongo.

Picha za mgongo zinazopigwa hospitalini nazo husomwa vibaya. Uchunguzi uliokusanya tafiti 33 mwaka 2015 ulikuta diski (vipande laini vilivyo kati ya pingili) zilizochakaa kwa asilimia 80 ya watu wa miaka 50 wasioumwa mgongo hata kidogo. Isitoshe, diski iliyochakaa Jumatatu imechakaa vilevile Ijumaa, wakati maumivu yamekwisha kupungua nusu.

Yapo maumivu yasiyofuata mtindo huu, na hayo yapelekwe hospitali: yanayozidi tu bila kushuka, yenye homa, jasho la usiku au kukonda (kifua kikuu huingia hadi kwenye uti wa mgongo), au yanayokuja na miguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja na kushindwa kuzuia mkojo. Hili la mwisho ni la kukimbizwa siku hiyohiyo.

Kwa wengine, swali la kumuuliza tabibu si "itapoa?", maana itapoa. Ni muda gani utapita kabla haijarudi. Jaribio moja la Australia lililochapishwa 2024 lilipima hasa hilo kwa watu 701 waliokuwa wametoka kupona. Waliopangiwa mazoezi ya kutembea na kuelekezwa na mtaalamu wa viungo walikaa siku 208 kwa kipimo cha kati kabla ya maumivu kurudi. Wasiopangiwa, siku 112. Wale walitembea kama mazoezi. Anayepanda kutoka Kituku na bidoni mgongoni anatembea pia, lakini huko siko kutembea kulikopimwa.