Shujaa Ana Jina: Kuwakumbuka Askari Waliokufa wa Tabora na Kigoma

Kila mwaka, katika juma linaloitangulia tarehe 25 Julai, ambayo ni Siku ya Mashujaa, dirisha la ofisi yetu ya kumbukumbu hapa Tabora hupata wageni ambao miezi mingine hawaonekani. Wengi wao ni wajukuu. Huja na bahasha iliyochakaa, au picha ya kijana aliyevaa kofia ya jeshi, au kipande cha karatasi chenye namba tu, na wote huuliza swali lilelile: babu yetu aliyefia vitani ameandikwa wapi?

Mmoja wa wageni hao alikuwa mama mtu mzima kutoka Sikonge, ambaye alifungua fundo la kanga yake taratibu akatoa barua ya mwaka 1979 iliyokunjwa mara nne, mikunjo yake ikiwa imekwisha kutoboka kwenye pembe. Barua ilihusu kaka yake. Tulilitafuta jina la marehemu kama mama alivyolitamka, tukalitafuta kwa jina la baba, tukapitia orodha tulizokuwa nazo hadi saa saba mchana bila kuliona, na mama akawa ameanza kukunja barua yake ili aondoke. Kosa lilikuwa letu. Nyumbani jina lile hutamkwa kwa l, na karani wa zamani, ambaye bila shaka alikulia mahali pengine, aliliandika kwa r. Sisi wa Unyamwezi tulipaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wote, kwa maana mtemi wetu mashuhuri huandikwa Mirambo katika vitabu vya historia, lakini shule ya sekondari na kambi ya jeshi hapa mjini zinaitwa Milambo.

Naanza na kisa hicho kwa sababu elimu inayotolewa kwa umma kuhusu mashujaa mara nyingi huhusu sherehe, wakati kazi ya kuwakumbuka huanzia kwenye jina lililoandikwa sawasawa. Sherehe yenyewe ina uzito wake na inafaa kuelezwa. Katika maadhimisho ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mzee anayewawakilisha askari wa zamani huweka shoka. Ukiondoa shada, ambalo ni desturi ya mataifa mengi, vitu vilivyobaki ni zana ambazo mzee yeyote wa Urambo au Kasulu angezitambua kuwa za nyumbani. Tarumbeta ya maombolezo hupigwa, watu husimama kimya, na viongozi wa dini huomba dua na sala. Raia anayehudhuria huvua kofia, huzima simu, na hakatizi mbele ya gwaride hata kama mtoto wake amemtoroka upande wa pili. Anayevaa sare hubaki na kofia yake na hupiga saluti. Mengine yote ni adabu ya msibani, ambayo hapa kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa.

Swali gumu ni hili: mashujaa hao ni akina nani? Kizazi cha sasa kinaposikia neno hilo hufikiria Vita vya Kagera, na ni haki yake. Lakini udongo wa mikoa yetu miwili una wafu wa zamani zaidi, na habari zao hazinyooki kirahisi.

Mwaka 1916 vita vya wakubwa wa Ulaya vilifika mlangoni kwetu. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo yeyote aliyeutaka upande wa magharibi wa koloni la Wajerumani alilazimika kuishika miji hiyo miwili. Tarehe 26 Julai 1916, siku moja tu baada ya tarehe ambayo leo ni Siku ya Mashujaa, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli Graf von Götzen huko Kigoma baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito, na siku mbili baadaye mji ukaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo. Meli hiyo iliopolewa baadaye na Waingereza, na tangu mwaka 1927 ndiyo MV Liemba ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua. Chombo kimepewa jina jipya na miaka mingi ya kazi. Waliokufa katika mapigano yaleyale hawakupewa hata mstari mmoja ukutani.

Kutoka ziwani vita vilifuata reli kuja mashariki. Mwanzoni mwa Septemba watu waliuana Usoke, kisha Lulanguru, kisha kwenye kilima cha Itaga kaskazini mwa mji wa Tabora, na tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Jenerali Charles Tombeur likaingia mjini. Mfalme wa Ubelgiji alimfanya Tombeur kuwa baroni na jina la mji wetu likaunganishwa na lake, akawa Tombeur de Tabora. Nataka msomaji alitazame jambo hilo kwa makini: jenerali alibeba jina la Tabora hadi kaburini kwake Ulaya, ilhali askari wa Kongo waliopanda kilima cha Itaga kwa amri yake, na askari wa Kinyamwezi na Kisukuma waliokilinda kwa amri ya Wajerumani, wengi wao hawakuachiwa hata majina yao wenyewe.

Tena askari angalau alikuwa na bunduki na mshahara. Mpagazi alikuwa na mzigo. Unyamwezi ulikuwa umetoa wapagazi wa misafara ya pwani kwa miaka mingi, na vita vilipokuja kila jeshi lilitaka mabega hayohayo, safari hii kwa kulazimisha. Walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umerithi jina lake kutoka kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na maandishi ya Mnara wa Askari, uliozinduliwa mjini humo mwaka 1927, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno ni mazuri, lakini hayana jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita hivyo wakilitumikia dola la Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Wapo wanaosema kwamba watu hao hawakufia nchi yao, kwa kuwa walipigana chini ya bendera za wageni, na kwamba kuwaita mashujaa ni kuchanganya mambo. Hoja hiyo ina nguvu na siipuuzi. Ninachosema kama mtunza kumbukumbu ni kwamba tusiwaongezee nia ambayo hatuna ushahidi nayo, wala tusiwanyime kaburi kwa sababu ya bendera ambayo hawakuichagua. Mwandike mtu kama alivyokuwa: alichukuliwa kijijini fulani, alibeba mzigo au bunduki, hakurudi. Hayo yanatosha kumpa nafasi katika kumbukumbu za kwao.

Kuhusu Vita vya Pili vya Dunia nitasema kifupi, kwa sababu waliofia humo wamezikwa mbali. Zaidi ya wanaume 80,000 kutoka Tanganyika walihudumu, na baadhi yao walipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyouteka mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944 baada ya kupita bonde lenye tope na malaria. Kambi ya jeshi hapa Tabora ilikuja kuitwa Kalewa, na jina hilo lilikuwapo hadi enzi ya Tanganyika Rifles, jeshi lililovunjwa mwaka 1964 kabla ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania kuundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Wazee walikuwa wakilitaja jina la Kalewa kila siku, na nadhani wachache walijua kwamba walikuwa wakiutaja mji ambako vijana wa Afrika Mashariki walimwaga damu. Majina ya wasio na kaburi lijulikanalo katika vita vya Burma, karibu 27,000, yamechongwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, na orodha yake hutafutwa bure kwa intaneti. Anayetafuta ajaribu r na l.

Vita vya Kagera havihitaji kuelezwa kwa urefu kwa Mtanzania. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita hivyo yako Kaboya, wilayani Muleba, kama ambavyo waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, Mtwara. Familia nyingi za huku hazijawahi kufika Kaboya. Kutoka Kigoma au Tabora ni safari ya mchana kutwa na zaidi, na nauli ni mzigo, lakini anayeweza kwenda aende, maana ndugu anapoligusa jiwe la kaburi kwa mkono wake, jambo fulani linalokuwa limening'inia miaka arobaini hutulia. Nimeliona hilo mara mbili kwa macho yangu.

Kwa watu wa Kigoma kifo cha askari si habari ya zamani. Siku ya anga safi milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya ziwa, na ni katika nchi hiyo ambako tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha walinda amani cha Semuliki, Kivu ya Kaskazini, kilishambuliwa na askari 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Tarehe 13 Julai 2013 wengine 7 waliuawa Darfur, na Januari 2025 wawili zaidi walikufa mashariki mwa Kongo wakiwa katika jeshi la nchi za SADC. Hawa wana wajane wanaoishi, na watoto walio shuleni sasa hivi, kwa hiyo heshima yao inadai uangalifu ambao wafu wa 1916 hawauhitaji. Picha za miili husambazwa kwenye makundi ya simu kabla jeshi halijamfikishia mzazi taarifa. Anayezisambaza kwa kisingizio cha kuomboleza ajue kwamba yuko mama atakayemtambua mwanawe kwa mkanda au kwa viatu. Picha ya kumkumbuka askari ni ile aliyopiga akiwa hai, na hutumwa kwa ridhaa ya familia yake.

Sasa nirudi kwenye bahasha. Nyaraka za askari huharibiwa zaidi na wanaozipenda kuliko na mchwa. Barua ya zamani isiwekewe nailoni ya moto kule stesheneri, kwani moto na gundi yake huishika karatasi isiweze kutengenezwa tena. Isibandikwe selotepu, ambayo hugeuka njano na kula maandishi. Ikunjuliwe, iwekwe katika bahasha kubwa ya karatasi, mbali na moshi wa jikoni na ukuta unaovuja, na ipigwe picha kwa simu mchana kivulini. Nyuma ya picha jina liandikwe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Medali isisuguliwe kwa majivu wala dawa ya kung'arishia shaba, maana ukingoni mwa medali nyingine za vita vya kwanza mna jina na namba ya mwenyewe, nazo husuguka zikaisha. Akiwapo mzee anayemkumbuka marehemu, arekodiwe kabla ya karatasi kushughulikiwa, kwa sababu karatasi itasubiri. Aulizwe namna jina lilivyotamkwa, jina la utani, kijiji na mtemi au jumbe wa wakati ule, na nani aliyeleta habari za kifo. Risasi au bomu la zamani likifukuliwa shambani lisiguswe hata kama limeshika kutu karne nzima, polisi waitwe.

Mama wa Sikonge alikaa nasi mpaka jioni. Tulimwandikia kaka yake kadi mpya yenye namba ya jeshi, cheo, mwaka na kijiji, na kwa kuwa kanuni inataka tahajia zote mbili zionekane, karani alianza na ile ya r, iliyo katika nyaraka za awali. Mama alimtazama akiandika, kisha akaweka kidole kwenye kadi na kusema kwamba hapo juu iandikwe ya nyumbani, hiyo nyingine ikae chini kwenye mabano. Tukachukua kadi nyingine.